Mwongozo wa Mshika Bambo

Kwanza upate bambo. Ni kibomba cha chuma kilichochongoka upande mmoja na kupasuliwa ubavuni. Ukikichoma kwenye gunia na kukitikisa kidogo, punje huteremka zenyewe hadi kiganjani. Katika maghala ya nafaka ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mnunuzi hubeba bambo kama mwalimu anavyobeba kalamu. Huchoma, hunusa, hutafuna punje moja asikie kama imekauka, kisha hutaja bei. Huyo tayari ni mtakwimu. Amekubali kwamba hawezi kufungua kila gunia, akaamua kuyauliza machache kwa niaba ya mengi.

Mwongozo huu utakufundisha kushika bambo kwa namna ambayo lori halitakudanganya kirahisi. Na lori ni mjanja. Lina dereva, lina utingo, lina mwenye mali anayepiga simu kila dakika tano, lina magunia 300, na kila mmoja hapo ana lake la kusema.

Kwa nini tuhangaike? Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania, kwa maelezo kwamba vipimo vilikuwa vimeonyesha sumukuvu kupita kiwango cha usalama. Malori yakakwama mpakani. Siku tano baadaye, tarehe 10, zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mahali mahindi yalikotoka patajwe, na shehena iandamane na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika siku hizo tano, upande mmoja wa barabara ulisema mahindi yote ya ng'ambo ni sumu, na upande wa pili ukasema hayana hata chembe. Pande zote mbili zilikuwa zimeshika konzi moja ya mahindi na kulisemea bara zima.

Mimi nasimama na wote wawili: mtoto atakayekula ugali huo, na mama aliyekopa ili anunue gunia. Sumu hii si hadithi. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani za mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Kwa hiyo kipimo lazima kiwepo. Lakini kipimo kikifanywa ovyo humwachia huru mwenye sumu na kumfunga asiye nayo, na hapo mtoto na mama huumia pamoja.

Basi panda kwenye lori. Utakaribishwa na gunia la mlangoni, lile la juu kabisa, karibu na ngazi, lenye mshono uliofunguka nusu kana kwamba linakungojea. Usiliguse. Gunia la mlangoni ni kama mtoto aliyeogeshwa kwa ajili ya wageni. Ukitaka kujua nyumba hii huoga mara ngapi, mtazame aliye uani. Mwenye mali atakuambia, "Mkubwa, choma hapa tu, yote yametoka shamba moja." Mjibu kwa adabu, "Nashukuru, mama, lakini naomba na lile la chini." Atakuuliza, "La chini lina nini, kijana wangu?" Hujui, na ndiyo maana unataka kulichoma.

Magunia hayafanani kwa sababu hayajaishi maisha sawa. Moja lilikaa sakafuni kwenye unyevu. Jingine lilinyeshewa njiani. Jingine lilijazwa mahindi ya wakulima sita wa vijiji sita, na mmoja wao alivuna kabla mahindi hayajakauka akayarundika yakiwa mabichi. Kuvu hupenda joto na unyevu. Unyevu wa mahindi ukizidi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, huwa umeitandikia mkeka.

Utachaguaje magunia basi? Usitumie jicho, maana jicho hupenda lililo karibu, lililo pakavu na lililo kivulini. Yape magunia namba, moja hadi 300, kwa chaki ikibidi. Andika namba hizo kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia ya utingo, mwambie afumbe macho avute. Dereva atacheka, na kicheko ni dawa ya foleni ya Malaba. Lakini pindi kikaratasi cha 217 kinapotoka, gunia la 217 ndilo linalochomwa, hata kama liko chini ya mengine kumi na nyuma ya kabini. Hiyo ndiyo maana ya kuchagua kwa bahati nasibu: kila gunia lilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuitwa, na hakuna mtu, hata wewe mwenye nia njema, aliyeliepusha lisiitwe.

Usikubali kubadilishiwa. "Hilo la 217 ni gumu kulifikia, chukua la 12." Hapana. Watu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu walilishika jambo hili vizuri katika utafiti wa afya wa Kenya wa mwaka 2022. Waliteua maeneo 1,692 nchini na kaya 25 katika kila eneo, jumla kaya 42,300, wakagawa kila kaunti, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo ni miji mitupu, mafungu mawili ya mjini na mashambani ili pasiwe na upande unaomezwa na mwingine. Kaya ikishateuliwa, haibadilishwi na ya jirani kwa sababu mwenyewe hayupo. Unarudi. Mtu anayeshinda nyumbani saa nne asubuhi hawezi kumsemea aliyekwenda sokoni saa kumi alfajiri, kama vile gunia la juu lisivyoweza kusemea la chini.

Sasa shika kalamu, maana hapa ndipo moyo wa jambo ulipo na ndipo watu wengi hushuka kwenye lori mapema.

Magunia 300 ya kilo 90 ni kilo 27,000. Kilo moja ya mahindi ina punje kama 3,000. Kwa hiyo umepanda juu ya punje zipatazo milioni 81, nyingi kuliko Wakenya wote waliohesabiwa katika sensa ya Agosti 2019, ambao walikuwa 47,564,296. Aflatoksini haikuenea sawasawa ndani ya umati huo kama chumvi kwenye mchuzi. Punje nyingi mno huwa safi kabisa, na chache huwa na sumu kali ajabu. Tuchukue mfano wa hesabu: katika kila punje 10,000, moja ni mbovu, nayo ina sumu sehemu 200,000 kwa bilioni. Ukiligawanya hilo kwa lori zima, wastani ni sehemu 20 kwa bilioni, mara mbili ya kikomo. Lori hili halifai kuvuka. Hiyo ndiyo kweli, na wewe huijui bado.

Chota kilo moja. Kuna uwezekano wa asilimia 74 kwamba hakuna hata punje moja mbovu iliyoingia. Maabara itasoma sifuri, na cheti kitaandikwa "safi". Punje moja ikiingia, kilo yako itasoma karibu 67. Zikiingia mbili, 133. Angalia vizuri: kilo moja haiwezi kamwe kusoma 20, ambayo ndiyo kweli. Inaweza tu kusema "malaika" au "shetani".

Ndiyo sababu utasikia mpakani, "Jana maabara ya kule ilisema safi, leo hawa wanasema sumu, wanatuonea!" Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyemwonea mtu. Maabara zote mbili zilipima kwa uaminifu, kila moja na kilo yake, kutoka kwenye lori lile lile. Kosa halikutokea kwenye mashine wala moyoni mwa mpimaji. Limetokea kwenye bambo, na hakuna aliyelitaja, kwa kuwa cheti huandika jibu bila kuandika wasiwasi wa jibu.

Sasa chota kilo 10, kidogo kidogo kutoka kila pembe. Utategemea punje mbovu kama tatu. Uwezekano wa kukosa zote umeshuka hadi asilimia 5. Hata hivyo usishangilie mapema: ikiingia moja tu, kilo 10 zitasoma chini ya 7 na lori litapita. Ukijumlisha, lori hili bovu bado litapenya kama mara moja katika tano. Limetoka mara tatu katika nne, likaja mara moja katika tano. Ni hatua kubwa, na bado si uhakika. Kwa shehena ya tani 20 hadi 50, Umoja wa Ulaya hudai machomo 100 yanayotoa jumla ya kilo 10. Dereva atakapolalamika kwamba machomo 100 ni mateso, mwambie umemhurumia kwa dhati, kisha endelea na la 41.

Na ukishapata kilo zako 10, zisage zote, uchanganye unga, ndipo uchote cha kupima. Ukichota punje kadhaa juu ya ndoo, umelirudia kosa la gunia la mlangoni ndani ya ndoo yako mwenyewe.

Pengo kati ya kilichomo kwenye konzi na kilichomo kwenye lori hupimwa kwa kiwango cha makosa. Kwa maswali ya ndiyo au hapana yanayoulizwa watu, hesabu yake ni nyepesi zaidi. Ukiwauliza watu 100 waliochaguliwa kwa nasibu, jibu lako linaweza kuyumba kama asilimia 10 juu au chini. Ukiuliza 400, asilimia 5. Ukitaka 2.5, itabidi uulize 1,600. Kupunguza kosa kwa nusu kunadai kazi mara nne, na hapa ndipo bajeti za watafiti hulia. Ule usemi wa "uhakika wa asilimia 95" maana yake ni hii: timu mia zikienda kwa njia hiyo hiyo, kama 95 kati yao zitakuwa na ukweli ndani ya mipaka waliyoitaja. Wewe hujui kama timu yako ni miongoni mwa zile tano.

Jambo moja huwashangaza watu, nami hulieleza kila ninapopata msikilizaji. Watu 400 waliochaguliwa vizuri wanaisemea Kaunti ya Busia, yenye watu 893,681 kwa sensa ya 2019, kwa uthabiti ule ule ambao 400 wengine wangeisemea Kenya nzima. Ukubwa wa chungu haubadilishi ukubwa wa kijiko cha kuonjea, mradi chungu kimekorogwa. Kazi ya utafiti ni kukoroga. Hapo ndipo Busia inapokuwa mwalimu mkali, kwa sababu mpaka huu haukorogeki kirahisi: kuna Wateso, kuna Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala, kuna Wajaluo, kuna wavuvi wa Budalang'i na madereva wa kutoka Mombasa wanaolala kabini.

Twende sasa langoni. Tuseme umetumwa kujua ni wafanyabiashara wangapi wadogo wanaovukia kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile ambacho Marais Kenyatta na Museveni walikizindua Busia Februari 2018, na wangapi wanatumia njia za panya. Umepewa dodoso, mwavuli na chupa ya maji. Unasimama langoni, penye kivuli, unawauliza watu 1,600: "Mama, wewe huvukia wapi?" Wote wanajibu, "Hapa." Asilimia 100! Waulize 16,000 wakajibu vilevile. Kiwango chako cha makosa kimekaribia sifuri, na hujajua lolote, kwa sababu anayepita njia ya panya ya Sofia na mkungu wa ndizi kichwani hakuwa na nafasi hata moja ya kuulizwa nawe. Wala aliyevuka mto Sio kwa miguu. Wala aliyepita saa tisa usiku na trei za mayai.

Litie jambo hili mfukoni: kiwango cha makosa hupima bahati ya kofia peke yake. Vikaratasi ambavyo havikutiwa kofiani havimo kwenye hesabu yake. Jarida la Literary Digest la Marekani lilijifunza hivyo mwaka 1936. Lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10, likarudishiwa milioni 2.4 hivi, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametoka kwenye orodha kama za wenye simu na magari, katika nchi iliyokuwa imeelemewa na ufukara, na wengi hawakujibu. Bambo lilikuwa refu mno, lakini lilichoma gunia la mlangoni mara milioni.

Wanaoifanya kazi hii mpakani kwa bidii wapo. Kwa miaka mingi Ofisi ya Takwimu ya Uganda na Benki Kuu ya nchi hiyo zimekuwa zikikadiria biashara isiyo rasmi ya mipakani, Busia na Malaba zikiwemo. Wahesabuji hukaa mpakani sehemu ya mwezi, si mwezi mzima, wakiandika kinachopita: magunia juu ya baiskeli, matenga kichwani, mikokoteni, na zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo watu wenye ulemavu wa Busia walizigeuza kuwa malori yao. Kisha siku zilizohesabiwa hukuzwa zisimamie mwezi wote. Nawaheshimu sana watu hao. Jua la pale si la kukalia, na kukadiria kilo za mzigo unaopita mbio begani mwa mtu si kazi ya mvivu. Ukipewa kazi hiyo, hakikisha siku zako zina siku ya soko na siku isiyo ya soko, mwisho wa mwezi na katikati, mvua na kiangazi. Mto ukikauka, njia huzaliana. Baiskeli zilizokuwa zikibeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka huu zililizaa jina la boda boda. Mahali penye ubunifu wa namna hiyo hapahesabiki kwa kukaa lango moja.

Ninalisisitiza hili kwa sababu asiyehesabiwa hajengewi. Paa la soko, choo, ghala kavu la kuwekea mahindi yasiote kuvu, vyote hupangwa kwa tarakimu. Yule mama wa Sofia akikosekana kwenye kofia, hukosekana na kwenye ramani ya fundi.

Kuhusu kura za maoni za uchaguzi nitasema machache, kwa kuwa kila steji ya boda boda ina mtaalamu wake atakayekuambia "watu wote wa Busia" wamekwisha amua, naye amewauliza waendesha boda wanane wa steji hiyo hiyo. Muulize alivuta vikaratasi kutoka kofia gani. Kisha mwendee mtafiti wa kweli kwa ukali huo huo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inamtaka mchapishaji ataje ukubwa wa sampuli na kiwango cha makosa. Tafuta mistari hiyo kabla hujatazama nani anaongoza. Katika matokeo ya urais yaliyotangazwa baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, William Ruto alipata asilimia 50.49 na Raila Odinga 48.85. Pengo ni 1.64. Kura ya maoni ya watu 2,400, hata ikifanywa bila doa, huyumba asilimia 2 kwa kila mgombea, na tofauti kati ya wawili hao huyumba karibu mara mbili ya hapo. Pengo hilo lilikuwa jembamba kuliko ncha ya bambo. Aliyetaja mshindi kwa sampuli kama hiyo, hata akipatia, alikuwa amebahatisha.

Rudi kwenye lori, hatujamaliza. Yuko mama amesubiri pembeni na gunia moja la kilo 90. Kwa mzigo mdogo hivyo, ule utaratibu wa Ulaya hudai machomo 5 na kilo moja tu. Lakini ada ya kipimo kimoja cha maabara haijui kama umekuja na gunia moja au 300. Tajiri wa lori ataigawanya kwa magunia yake yote na hataisikia, huyu ataibeba peke yake, na akishindwa atageuza njia kuelekea Sofia. Kipimo kilichokusudiwa kumlinda mtoto wake kitakuwa kimemsukuma mahali ambapo hakuna kipimo.

Kwa hiyo mshauri hivi. Atafute wenzake tisa wenye gunia mojamoja. Choma kila gunia mara 5, na kila konzi igawe mara mbili. Nusu moja ya kila gunia iingie kwenye ndoo ya pamoja, isagwe, ichanganywe, ipimwe mara moja, na ada igawanywe kwa kumi. Nusu ya pili itie kwenye mfuko wenye jina la mwenye gunia, uufunge. Ndoo ikisoma chini sana, wote kumi wavuke. Lakini hapa usidanganyike na wastani: gunia moja lenye 80 katikati ya tisa yaliyo safi huifanya ndoo isome 8, chini ya kikomo cha 10. Ndoo ya magunia kumi lazima isome chini ya 1 ndipo uwe na amani na kila mmoja. Ikizidi hapo, fungua mifuko ya akiba, upime kila gunia peke yake, ili tisa wasihukumiwe kwa kosa la mmoja.

Kwenye cheti, andika zaidi ya jibu. Andika: machomo mangapi, kilo ngapi zilisagwa, magunia yalichaguliwaje. Maneno hayo matatu yatatosha kumaliza nusu ya ugomvi wa maabara mbili, kwa kuwa afisa wa upande wa pili ataona kama anabishana na kilo moja au na kumi.

Halafu shusha bambo, lakini usiondoke. Kila tundu ulilochoma linadondosha punje. Geuza bambo, tumia ncha yake kusugua nyuzi za gunia kutoka kushoto na kulia mpaka zikutane tena na tundu lifumbe. Fanya hivyo kwa yote 100 ya lori, na kwa yale matano ya mama yule.